Homa ya Dengi: Jinsi ya Kumlisha na Kumnywesha Mgonjwa

Homa ya dengi si ngeni Mombasa. Kaunti ilikumbwa na milipuko mwaka wa 2013 na tena 2017. Virusi vyake huenezwa na mbu anayeuma mchana, ambaye huzaana katika maji yaliyotuama, yakiwemo ya mapipa na mitungi isiyofunikwa.

Hakuna dawa ya kuua virusi hivi. Dengi inapokuwa kali, mishipa midogo ya damu huvuja, maji yakapungua ndani yake na presha kushuka. Ndiyo sababu vinywaji ni sehemu ya matibabu.

Kwa mkazi wa Timbwani anayeuguza mtu nyumbani, mambo ya kuzingatia ni haya:

1. Mpe vinywaji kidogo kidogo, mara kwa mara: ORS, madafu, uji mwepesi, supu au maji ya matunda. Maji matupu pekee hayatoshi.

2. Akikosa ORS, koroga vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi katika lita 1 ya maji yaliyochemshwa na kupoa.

3. Asilazimishwe sahani ya wali. Mpe chakula laini kama ndizi mbivu au viazi vya kupondwa, kidogo kila baada ya saa chache. Mtoto anayenyonya aendelee kunyonya.

4. Angalia mkojo. Mtu mzima anapaswa kukojoa angalau mara 4 kwa siku.

5. Kwa homa, tumia paracetamol kwa kipimo sahihi. Aspirini, brufen na diclofenac huongeza hatari ya kuvuja damu.

Mwenye kisukari, au ugonjwa wa moyo au figo, aelekezwe na mhudumu wa afya kuhusu kiasi cha vinywaji.

Familia nyingi hulegeza uangalizi homa inaposhuka. Lakini kipindi cha hatari huanza hapo, kwa kawaida kati ya siku ya 3 na ya 7. Mgonjwa akiumwa sana na tumbo, akitapika mfululizo, akitokwa na damu kwenye fizi au pua, akipata choo cheusi, akilegea au mikono na miguu ikiwa baridi, asisubiriwe hadi asubuhi. Apelekwe mara moja Hospitali ya Kaunti Ndogo ya Likoni au kituo kilicho karibu. Hana haja ya kuvuka feri kwanza.