Jua Haki Zako: Viza ya Kumfuata Mume au Mke Uingereza

Katika nyumba nyingi za pwani yetu, tangu Lamu na Mombasa hata Unguja na Dar es Salaam, yumo bibi harusi, na siku hizi si ajabu kumkuta bwana harusi vilevile, aliyekwisha kufungiwa akdi mbele ya walii na mashahidi, mahari yakatajwa na walima ukaliwa, naye mwenziwe akarejea Uingereza kwenye kazi yake, akimwachia neno moja tu la kumtuliza moyo, kwamba karatasi zinashughulikiwa. Mwezi hufuatwa na mwezi, jamaa huuliza, majirani hunong'ona, na aliyebaki hajui karatasi hizo ni zipi, ziko kwa nani, wala zimepungukiwa na nini. Nimekusudia kumwandikia huyo, kwa sababu mbele ya sheria ya Uingereza mwombaji wa viza si yule aliyeko ng'ambo bali ni huyu aliyeko huku: ombi ni lake, jawabu huandikiwa yeye, na likikataliwa haki ya kukata rufaa ni yake.

Swali la kwanza analopaswa kumuuliza mwenziwe, tena bila ya haya, ni hili: wewe unakaa huko kwa ruhusa gani? Sheria ya kumfuata mume au mke imo katika Kanuni za Uhamiaji za dola hiyo, sehemu iitwayo Kiambatisho FM, iliyoanza kutumika tarehe 9 Julai 2012 na kurekebishwa mara nyingi tangu hapo, nayo humfungulia mlango mwenzi wa raia wa Uingereza au wa Ireland, mwenzi wa aliyepewa ruhusa ya kukaa huko daima, na mwenzi wa aliyekubaliwa kuwa mkimbizi. Aliyekwenda kwa viza ya masomo au ya kazi ana kanuni nyingine kabisa, na hizo zimebanwa mno: tangu Januari 2024 mwanafunzi wa shahada ya kufundishwa darasani haruhusiwi kuchukua mke wala watoto, isipokuwa yule wa utafiti, na tangu tarehe 11 Machi 2024 mlango huo umefungwa pia kwa wahudumu wa wazee na wagonjwa walioajiriwa kutoka nje, kazi ambayo vijana wetu wengi wameikimbilia. Mtu akijua jambo hili kabla ya kufunga nikahi, anaifunga hali akiona. Akilijua baada ya miaka miwili ya kungoja, amedhulumiwa, hata kama aliyemficha hakukusudia dhuluma.

Ama ndoa yenyewe, kanuni ni kwamba ikiwa sahihi katika nchi ilipofungwa, basi kwa kawaida hutazamwa kuwa sahihi na huko pia, alimradi wote wawili wametimiza miaka 18, wamekwisha kuonana ana kwa ana, na wanakusudia kuishi pamoja daima. Tanzania Bara ina Sheria ya Ndoa ya 1971, Kenya ina Sheria ya Ndoa ya 2014, na zote mbili huitambua ndoa ya Kiislamu, ya Kikristo na ya kimila, na kutaka isajiliwe. Zanzibar mambo haya huendeshwa kwa sheria zake yenyewe na mahakama za makadhi. Kwa hiyo hati inayotakiwa ni cheti cha ndoa kilichosajiliwa, na kikiwa kimeandikwa kwa Kiswahili au kwa Kiarabu, kiambatanishwe na tafsiri ya Kiingereza iliyothibitishwa na mfasiri aliyeandika jina lake na kutia sahihi. Mkanda wa harusi, hata ukionyesha shehe na umati wa watu, haushiki nafasi ya cheti.

Hapa ndipo wengi wetu tunapojikwaa, kwa kuwa desturi zetu huamini ushahidi wa watu kuliko ushahidi wa karatasi. Mwanamke aliyeachwa kwa maneno, akakaa eda yake, akaolewa tena kwa halali mbele ya Mungu na mbele ya jamaa zake, anaweza kukosa viza kwa sababu tu hana waraka unaothibitisha kwamba ndoa ya kwanza imekwisha, na ofisa asiyemjua wala kuwajua wazee wake hana namna ya kuipata ithibati hiyo isipokuwa kwa hati. Basi talaka isajiliwe kwa kadhi, na Tanzania Bara ifikishwe mahakamani, maana huko sheria ya 1971 inataka hukumu ya mahakama. Na ikiwa mwenzi wa kwanza amefariki, kitafutwe cheti cha kifo. Haya yafanywe mapema, kabla ya kulipa hata senti moja ya ada, kwa sababu ada ya ombi lililokataliwa hairudishwi.

Juu ya mke wa pili, sina budi kusema wazi, kwani nimeona wanawake wakipewa matumaini yasiyo na msingi. Mwanamume aliyefanya England au Wales kuwa makao yake ya kudumu, naye bado ana mke, hawezi kuoa mwingine Unguja wala Mombasa na ndoa hiyo ikahesabiwa kuwa sahihi mbele ya sheria ya huko; kwa Sheria ya Mambo ya Ndoa ya 1973 ni batili. Inaweza kuwa sahihi kwa dini na kwa sheria ya hapa, lakini viza haitatoka kwayo, na mwanamume anayeahidi kinyume cha hayo aulizwe ahadi yake ameijenga juu ya sheria gani.

Pamoja na cheti, ofisa hutaka kuona kwamba maisha ya ndoa yapo kwa hakika: safari za kutembeleana, mazungumzo ya simu na ya WhatsApp yaliyoenea miezi mingi, fedha zilizotumwa kwa M-Pesa au kwa benki, mipango ya nyumba. Si wingi wa karatasi unaomkinaisha bali mfuatano wake. Vitu vichache vya kila msimu wa ndoa yenu vina nguvu kuliko picha mia za siku moja ya harusi.

Sharti linalovunja ndoa nyingi kimyakimya ni la kipato. Tangu 2012 mwenzi aliyeko Uingereza alitakiwa awe na kipato cha pauni 18,600 kwa mwaka, na tarehe 11 Aprili 2024 kiwango hicho kikapandishwa ghafla hadi pauni 29,000 kwa maombi mapya ya ndoa, ilhali waliokwisha kuingia kwa kiwango cha zamani wakaachiwa waendelee nacho wanapoongeza muda kwa mwenzi yuleyule. Mshahara wako wewe wa huku, uwe mkubwa namna gani, hauhesabiwi katika ombi la kwanza. Lakini si kweli kwamba wewe huna la kuchangia: kodi ya nyumba unayoimiliki na kuipangisha huweza kuhesabiwa, na hali kadhalika akiba, iwe yako, yake au ya wote wawili, iliyokaa mikononi mwenu miezi 6 au zaidi. Akiba ikitumiwa peke yake bila ya mshahara wowote inatakiwa ifike pauni 88,500, na mshahara ukipungua kidogo, akiba huziba pengo kwa hesabu maalumu. Aliyeajiriwa kwa mwajiri mmoja kwa miezi 6 au zaidi huleta hati za mshahara za miezi 6, taarifa za benki za miezi hiyohiyo, na barua ya mwajiri. Na kila tarakimu ya hati ya mshahara ionekane ikiingia benki, kwa sababu tofauti ndogo baina ya karatasi mbili hizi imewanyima viza watu waliokuwa na kipato cha kutosha.

Jambo lisilosemwa vya kutosha ni kwamba yuko aliyesamehewa sharti hili la pauni 29,000. Mwenzi anayepokea huko posho ya ulemavu, au posho ya kumwangalia mlemavu, hatakiwi kukifikia kiwango hicho, bali hutakiwa aonyeshe tu kwamba mnaweza kujikimu vya kutosha. Na wale wasiosamehewa na wasiofikia kiwango wana mlango mwingine, mwembamba lakini wa kweli. Mwezi Februari 2017, katika kesi ijulikanayo kwa jina la MM (Lebanon), Mahakama ya Juu ya Uingereza ilisema kwamba kuweka kiwango cha kipato si kinyume cha sheria kwa asili yake, lakini kwamba kanuni zilikuwa hazikuwapa watoto uzito unaowastahili, wala hazikuruhusu vya kutosha kutazamwa njia nyingine za kuaminika za kujikimu. Kanuni zikarekebishwa mwaka uleule. Basi ikiwa mnaye mtoto, au yako mazito yanayofanya kutenganishwa kwenu kuwe na madhara makubwa yasiyostahiki, yaandikwe yote ndani ya ombi tangu mwanzo, kwa tarehe na kwa hati, na itajwe haki ya maisha ya familia iliyo katika kifungu cha 8 cha Mkataba wa Ulaya wa Haki za Binadamu.

Wanaume wanaowafuata wake zao, ambao kwetu hutazamwa kwa jicho la ajabu, nao wajue kwamba haki yao ni sawasawa na ya wanawake, na kwamba usawa huo ulipiganiwa. Zamani mwanamke aliyekaa Uingereza kwa halali alizuiwa kumleta mumewe pale ambapo mwanamume aliruhusiwa kumleta mkewe, hata wanawake watatu, Abdulaziz, Cabales na Balkandali, wakaishtaki dola hiyo huko Strasbourg, na tarehe 28 Mei 1985 Mahakama ya Ulaya ikahukumu kwamba walibaguliwa kwa sababu ya jinsia yao.

Yaliyobaki ni mepesi kueleza, ijapokuwa ni mazito kulipia. Mtihani wa Kiingereza ni wa daraja la A1, wa kusema na kusikiliza tu, katika kituo kilichoidhinishwa. Raia wa Kenya na wa Tanzania hawakusamehewa, isipokuwa aliye na shahada iliyofundishwa kwa Kiingereza na ikathibitishwa. Aliyekaa nchi zetu miezi 6 hupimwa kifua kikuu katika kliniki iliyoidhinishwa. Ada ya ombi, kwa kiwango cha Aprili 2025, ilikuwa pauni 1,938, na juu yake mchango wa matibabu wa pauni 1,035 kwa mwaka, unaofika pauni 3,105 kwa muda wa kwanza. Ada hizi hupandishwa mara kwa mara, kwa hiyo zitazamwe katika tovuti ya serikali ya Uingereza siku ya kulipa.

Tovuti hiyo ndiko linakojazwa ombi lenyewe, na yeyote ajuaye Kiingereza cha kutosha anaweza kulijaza bila ya wakala. Vishoka wanaodai kuwa na mtu wao ubalozini, wawe Dar es Salaam au Nairobi, wanauza kitu wasichokuwa nacho, na taarifa ya benki ya bandia wanayokutengenezea itahesabiwa kuwa udanganyifu wako wewe na kuandamana na jina lako katika maombi ya miaka mingi ijayo. Kule Uingereza, kutoa ushauri wa uhamiaji kwa biashara bila ya kuwa wakili au kusajiliwa na mamlaka iitwayo Immigration Advice Authority ni kosa la jinai. Mwenzi wako na aulize usajili kabla ya kutoa fedha.

Likikataliwa ombi, usilie kabla ya kusoma. Barua ya kukataa inapasa itaje sababu, na kwa aliyeko nje ya nchi hiyo ipo haki ya kukata rufaa ndani ya siku 28 tangu kuipokea, kwa ada ya pauni 80 ikiwa jaji atasoma karatasi tu, au pauni 140 ikiwa patakuwa na kikao, ambako mwenzi wako anaweza kusimama akatoa ushahidi. Jaji hutazama hali ilivyo siku ya kusikiliza, kwa hiyo hati iliyokosekana mwanzo huweza kuletwa baadaye. Pengine lililo jepesi ni kuomba upya, hasa ikiwa kilichopungua ni karatasi moja. Lakini siku 28 zisipite hali mnashauriana.

Viza ikitoka ni ya miezi 33, kisha huongezwa miezi 30, na kwa kawaida baada ya miaka 5 huombwa ruhusa ya kukaa daima. Muda wote huo unaruhusiwa kufanya kazi na kusoma, ila huruhusiwi kupokea posho nyingi za serikali. Na sasa nasema lile lililonifanya niandike. Mume anayekuambia kwamba ukimshtaki kwa kukupiga utarudishwa kwenu siku hiyohiyo anakutisha kwa uongo: mwenzi aliyeingia kwa viza hii, ndoa yake ikavunjika kwa sababu ya mateso nyumbani, ana haki ya kuomba ruhusa ya kukaa daima kwa nafsi yake, na kabla ya hapo anaweza kupewa miezi 3 ya ruhusa na msaada wa serikali ili apate pa kulala. Tangu mwisho wa Januari 2024, hata aliyeletwa nyumbani kwa hila kana kwamba ni likizo, akanyang'anywa hati na kutelekezwa huku, anaweza kuomba kurejea kwa njia hiyo. Na aliyefiwa na mwenzi aliyemfuata haondolewi kwa kufiwa. Naye huomba kukaa.

Kadi za plastiki walizokuwa wakipewa zamani wenye ruhusa ya kukaa zimeondolewa, na ruhusa yako sasa imo katika akaunti ya intaneti. Basi akaunti hiyo ifunguliwe kwa baruapepe yako na kwa nambari yako ya simu, neno lake la siri ulijue wewe, pasipoti yako ikae kwako, na nakala ya cheti cha ndoa ibaki kwa mama yako au kwa ndugu unayemwamini kabla hujapanda ndege.