Ua wa Kukatwa: Je, Umezidi Shambani?

Mkulima, pita njia yoyote ya Embu au Meru utazame. Mbele ya nyumba nyingi pana ua wa michongoma au misaipresi, umekatwa ukanyooka kama ukuta. Langoni pengine mti umekatwa mviringo kama mpira. Boma safi ni sifa ya mwenyewe. Lakini mwezi huu tuulize: je, ua wa namna hii haujazidi?

Faida yake. Mashamba yalipounganishwa na kupimwa, kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1950, ua wa miti ndio ulioonyesha mpaka wa kila mtu. Mchongoma, ambao asili yake ni Afrika ya Kusini, una miiba mirefu. Ng'ombe hapenyi na mwizi huuogopa. Kazi hiyo ni njema na ingali inatakiwa.

Hasara yake. Kwanza ni ardhi. Shamba la mraba la ekari 1 lina mzunguko wa mita 250 hivi. Ua na mizizi yake ukichukua mita 1 tu upande wa ndani, umekula sehemu 1 katika 16 za shamba lako. Pili ni kazi: usipokatwa mara kwa mara huwa kichaka, na matawi ya miiba huchomwa moto tu. Tatu ni wadudu. Mwaka 1990 vidukari vya misaipresi viliingia Kenya, na nyua nyingi zikakauka. Hata Uingereza, ambako bustani hupambwa kwa vichaka vya boksi vilivyokatwa kwa maumbo mbalimbali, kiwavi wa nondo aliyeonekana huko mara ya kwanza mwaka 2007 ameviharibu vingi. Apandaye mti wa aina moja tu humwandalia adui karamu.

Basi tufanyeje? Usiung'oe ua wote. Acha mchongoma kando ya barabara na kuzunguka zizi. Kwenye mipaka mingine, na kingo za matuta, panda kaliandra. Huo nao hutumia ardhi, lakini hulipa kwa maziwa. Majaribio yaliyofanywa Embu katika miaka ya 1990 yalionyesha kwamba kilo 3 za majani mabichi zina protini ya kadiri ya kilo 1 ya chakula cha ng'ombe cha dukani. Miti 500 yatosha kumpa ng'ombe 1 kilo 6 kila siku, mwaka mzima. Ukipanda kila nusu mita, mita 250 zabeba miti hiyo yote.

Fuata haya:

1. Panda miche mvua zinapoanza.
2. Kata mara ya kwanza baada ya miezi 9 hadi 12, kwa kimo kisichozidi mita 1.
3. Lisha majani mabichi, yasizidi theluthi ya chakula. Kilichobaki kiwe nepia.
4. Sehemu za chini zenye ukame kaliandra haistawi vizuri. Muulize afisa wa kilimo mti ufaao.
5. Kabla ya kugusa ua wa mpaka, patana na jirani mbele ya mashahidi. Ua ndio alama ya mpaka. Ukiung'oa kimyakimya umepanda kesi.

Leo jioni zunguka shamba lako ukijiuliza: ua huu wanilinda, wanilisha, au wanipamba tu?