Tuifufue Mashine Kuukuu ya Kuranda

Kuna wanaosema ati Kiswahili ni cha mashairi na ngano tu, na mambo ya ufundi hayasemeki ila kwa Kiingereza. Mimi nakataa. Leo nitaeleza jinsi ya kutengeneza na kuunganisha upya mashine kuukuu ya kuranda mbao, ile ambayo mafundi wa jua kali huiita thiknesa.

Kwanza tuijue kazi yake. Mashine hii huufanya ubao uwe na unene mmoja toka mwanzo hadi mwisho. Haiunyooshi ubao uliopinda! Rola huubonyeza ukaonekana umenyooka, lakini ukitoka upande wa pili unarudia upindo wake. Lazima upande mmoja unyooshwe kabla.

Juu kuna kichwa cha visu, yaani chuma kinachobeba visu viwili au vitatu na kuzunguka maelfu ya mara kwa dakika. Mbele yake kuna rola inayouvuta ubao ndani, na nyuma nyingine inayoutoa nje. Chini kuna meza inayopanda na kushuka. Mota huzungusha kichwa kwa mikanda. Mmarekani William Woodworth alipewa hataza ya mashine ya kuranda mwaka wa 1828, na za siku hizi bado zinafuata wazo lile lile la visu vinavyozunguka na rola zinazovuta. Ndiyo maana mashine ya zamani haifai kutupwa ovyo. Sasa tuanze kazi.

1. Kata umeme. Kuzima swichi ya mashine hakutoshi. Chomoa plagi. Kama nyaya zimeungwa ukutani, zima swichi kuu, uifunge kwa kufuli, na ufunguo ukae mfukoni mwako wewe mwenyewe.

2. Fungua kwa mpango. Kabla ya kulegeza nati yoyote, chora picha ya sehemu hiyo daftarini. Piga nukta ndogo kwenye chuma: moja kwa sehemu za kulia, mbili kwa za kushoto. Chaki hufutika. Bolti za kila sehemu zitie katika kopo lake. Hapa ndipo wengi huharibu. Karibu na mtaa wetu kuna karakana ambapo mashine ilifunguliwa yote siku moja, nati zote zikatiwa ndoo moja. Kuiunganisha kukawashinda. Mwishowe iliuzwa kwa kilo kama chuma chakavu, na mafundi wanne wakarudia randa ya mkono. Mashine haikuuawa na uzee, iliuawa na ndoo.

3. Safisha. Utomvu wa saiprasi ulioganda kwenye rola hutolewa kwa brashi na mafuta ya taa, mbali na moto. Kutu ya mezani iondoe kwa msasa laini na mafuta kidogo. Usitumie mashine ya kusagia chuma, maana itachimba mabonde, na meza yenye mabonde haitoi ubao sawa.

4. Kagua beringi. Izungushe kwa vidole. Ikikwaruza au ikichezacheza, badilisha. Usihofu kwamba kiwanda kilichounda mashine kilifungwa zamani, kwani mara nyingi beringi huwa na nambari ubavuni. Kwa mfano, 6204 ina tundu la milimita 20, upana wa nje wa milimita 47 na unene wa milimita 14, hata ikiwa imetoka kiwanda gani. Ukiiingiza kwenye mhimili, sukuma pete ya ndani. Ukigonga ya nje, unaziumiza gololi.

5. Rudisha sehemu. Kilichotoka mwisho kiingie kwanza. Fuata mchoro na nukta zako.

6. Funga visu. Hii si mchezo. Visu vinolewe pamoja, viwe na uzito mmoja na vitokeze sawasawa, kama kitabu cha mashine kinavyoagiza. Kisu kimoja kikizidi, hicho peke yake ndicho kitakachokata, na ubao utatoka na mawimbi. Kaza bolti kidogo kidogo ukianzia katikati, kisha zipitie zote tena. Bolti iliyolegea inaweza kurusha kisu, na kisu kilichoruka hakichagui mtu. Halafu zungusha kichwa kwa mkono mzunguko mzima, uhakikishe hakigusi kitu.

7. Pima meza. Weka vipande viwili vya mbao vya kimo kimoja, kushoto na kulia. Pandisha meza polepole. Kisu kikigusa kipande kimoja kabla ya kingine, meza imeinama, irekebishe.

8. Jaribu. Rudisha vifuniko vyote vya kinga. Visu vizunguke kuukabili ubao unaoingia. Kwenye umeme wa nyaya tatu, mota ikienda kinyume, fundi wa umeme abadilishane nyaya mbili. Anza kwa kuranda milimita moja. Ubao usiwe mfupi kuliko nafasi iliyo kati ya rola mbili, nawe usisimame nyuma yake moja kwa moja, maana unaweza kurushwa.

Wahenga walisema, mwenda pole hajikwai. Fundi anayehesabu nati zake huokoa mashine, riziki na vidole. Nisiwachoshe. Natia nanga hapa, na tujipime kidogo.

Maswali
(a) Kwa nini mashine hii haiwezi kuunyoosha ubao uliopinda?
(b) Ubao umetoka na mawimbi. Utakagua nini kwanza?
(c) Taja mambo mawili ya kufanya kabla ya kulegeza nati ya kwanza.