Mizani Sahihi, Ghala Tupu

Likizo iliyopita nilikuwa nyumbani Kiranjeranje, pale njia ya Nanjilinji na Ruangwa inapoachana na barabara kuu ya Lindi. Ulikuwa msimu wa ufuta. Binamu yangu alikuwa ameshalipwa pesa zake za mnada, akanijia na simu mkononi. "Kaka, wewe si unasoma takwimu huko Dar? Hebu niangalizie hii. Ni ya kweli, au wanatupiga?"

Ilikuwa kasino ya mtandaoni inayopokea na kulipa kwa kripto. Jina lake silitaji. Nilikesha nayo, nikakagua raundi 40, asubuhi nikamjibu kwa kujiamini: "Haina wizi. Nimehakiki." Akaweka 380,000. Wiki mbili baadaye akaunti yake ilisoma zaidi ya milioni moja. Alipoomba kutoa, yakaja maneno "inahakikiwa". Siku ya kumi na moja bado inahakikiwa. Kisha wakamtaka aweke pesa nyingine ndipo wamfungulie. Hakuweka, na mpaka leo hajapata hata shilingi.

Mimi sikumdanganya. Nilijibu swali moja, nikadhani nimejibu mawili. Naandika haya kwa sababu hata hosteli zetu, bumu likitoka, simu zinawaka usiku kucha.

Swali la kwanza: mizani

Mkulima wa ufuta anajua maana ya mizani. Kangomba akija na bakuli lake, unapunjwa huku unaona. Kasino nyingi za kripto zinajisifu kuwa mizani yake mtu yeyote anaweza kuikagua, na mara nyingi ni kweli. Kabla ya raundi, kasino inachagua namba ya siri na kukuonyesha muhuri wake, yaani mstari mrefu wa herufi na tarakimu unaoitwa heshi. Wewe unaongeza namba yako. Matokeo yanatokana na namba zote mbili. Baadaye siri inafunuliwa, unaipitisha kwenye kanuni ileile, na muhuri ukifanana na ule wa mwanzo, basi hawakubadilisha kitu katikati. Ni kama mwalimu aliyefunga majibu ya mtihani kwenye bahasha kabla hamjaingia chumbani.

Hicho ndicho nilichokagua. Lakini mizani sahihi haina maana kwamba unapata faida. Chukua mchezo unaorudisha asilimia 97, kama kindege cha Aviator kinavyotangazwa. Zungusha 100,000, kwa wastani zinarudi 97,000. Zichezeshe zote tena, zinabaki 94,090. Ukirudia hivyo mara 23, umebaki na chini kidogo ya nusu. Hakuna aliyekuibia. Hesabu ndiyo ilivyopangwa.

Swali la pili: ghala

Sasa tuje ghalani. Katika mfumo wa stakabadhi ghalani, uliowekewa sheria mwaka 2005, unapeleka ufuta, unapimiwa, unapewa karatasi. Karatasi si ufuta. Ina thamani kwa sababu magunia yapo, ghala lina leseni, na kuna mtu wa kumshika yakipungua. Salio kwenye simu ya binamu yangu lilikuwa karatasi ya namna hiyo. Mimi nilikagua mizani usiku kucha, ghalani sikuchungulia.

Wenye kasino watakwambia: kripto iko wazi, tazama pochi yetu, ina mamilioni. Ni kweli, pochi unaweza kuiona. Usichokiona ni madeni. Pochi yenye dola milioni 5, kama wachezaji wanadai milioni 9, ni ya mfilisi. Na pesa zinaweza kuazimwa leo kwa ajili ya picha, zikarudishwa kesho.

Hili limewahi kuwakuta wakubwa. FTX haikuwa kasino, lilikuwa soko la kripto, lakini somo ni lilelile. Novemba 2022 ilifilisika, na kwenye pesa za wateja kulikuwa na pengo la takriban dola bilioni 8. Wateja walikuwa wakiona salio zao kwenye simu kama kawaida. Mwanzilishi wake, Sam Bankman-Fried, alihukumiwa miaka 25 jela Machi 2024.

"Lakini mara ya kwanza walinilipa," binamu aliniambia. Hata DECI, iliyofungwa hapa nchini mwaka 2009, iliwalipa waliotangulia "kupanda", kwa pesa za waliofuata. Kulipwa kidogo mwanzoni hakukuonyeshi kilichomo ghalani.

Kabla hujaweka hata mia

Jiulize: nani amekagua mali na madeni yao kwa pamoja? Nikidhulumiwa, namshtaki nani, na wapi? Hapa kwetu michezo hii inasimamiwa na Bodi ya Michezo ya Kubahatisha, chini ya sheria ya mwaka 2003. Kasino iliyosajiliwa kisiwa cha mbali, isiyo na leseni ya Bodi, inakuacha huna pa kugonga mlango. Benki Kuu nayo ilitangaza Novemba 2019 kuwa kripto si fedha halali nchini. Na ukiambiwa uongeze pesa ili utolewe pesa zako, acha hapohapo.

Ukikosa jibu la hata moja kati ya hayo, hizo heshi hata zikifanana zote 40 hazikusaidii kitu.

Zile 380,000 zilikuwa za mabati ya nyumba ya mama yake. Hajanilaumu, na hilo ndilo linaloniuma zaidi. Nimemwahidi mabati matano bumu likitoka. Yaliyobaki anasubiri ufuta wa mwakani.