Fedha za Msafiri

Kijana atokaye Kiuu, kule Ruiru, kwenda kutumika Oman miaka miwili, yampasa ajue kwamba kadi za benki ni namna mbili. Ya kwanza hutoa fedha zake mwenyewe alizoziweka. Ya pili humkopesha. Akichelewa kulipa hutozwa ziada, nayo ni riba ile ile, ijapokuwa imevikwa joho jipya. Na mashine ikimuuliza, "Shilingi au riali?" achague riali, kwani ambadilishiaye papo hapo hujikatia faida nono. Namba ya siri asimpe mtu, hata tajiri wake. Ama fedha za matumizi ya nyumbani, tangu 2007 iko M-Pesa: zipelekwe kwa simu ya mama mwenyewe, si ya jirani.