SOMO LA MAKATIBU: MWENDO WA TAARIFA NA NJIA YA KUZIBANA

Ndugu Katibu, mkonge wa Kilosa hushindiliwa kuwa marobota kabla ya kupakiwa, ili behewa lichukue singa nyingi zaidi. Taarifa nazo hubanwa vivyo hivyo. Lakini yafaa kwanza tujue kipimo cha njia.

Mwendo wa njia hupimwa kwa biti, na ukubwa wa faili kwa baiti. Baiti moja ni biti 8. Hapa ndipo wengi hukosea. Modemu za simu za kanuni ya V.90 ya mwaka 1998 zilisifiwa kwa biti 56,000 kwa sekunde, lakini huo ulikuwa mwendo wa kupokea, nao ulifikiwa kwa nadra. Kupeleka zilipeleka biti 33,600 tu.

Tuseme chama kimoja cha Mikumi kina wakulima 400. Katibu ameandika kwa kompyuta jina, namba ya stakabadhi na kilo za kila mmoja, herufi 50 kwa mstari. Jumla ni baiti 20,000, yaani biti 160,000. Modemu ile ya zamani ingezipeleka kwa sekunde 5 hivi. Katibu wa chama cha pili amepiga picha kurasa 20 za daftari, kila picha megabaiti 3. Hizo ni biti milioni 480. Kwa mtandao wenye mwendo wa megabiti 1 kwa sekunde zitachukua dakika 8, endapo hautakatika. Kwa modemu ile, karibu saa 4.

Orodha ya herufi hubanika zaidi. Abraham Lempel na Jacob Ziv walieleza njia yake mwaka 1977 na 1978: neno lililokwisha kutajwa halirudiwi, bali huachiwa alama fupi ya kurejea pale lilipotangulia. Neno «Mikumi» likirudiwa mara 400, faida ni dhahiri. Upokeaji hurudisha kila herufi mahali pake. Picha ya simu, kinyume chake, imekwisha kubanwa na simu yenyewe. Kuibana tena hakupunguzi kitu.

Tena ubanaji wa picha una hatari. Mwaka 2013 Mjerumani David Kriesel aligundua kwamba baadhi ya mashine za Xerox zilibadili tarakimu katika nakala: 6 ilitoka kuwa 8, safi isiyo na waa. Mashine ilikuwa ikifananisha maumbo na kutumia moja badala ya jingine. Mkulima aliyepima kilo 860 akilipwa za 660, amepunjwa kilo 200, wala hakuna mkono ulioghushi.

Kwa hiyo andika jumla ya kilo chini ya kila ukurasa, uipeleke pia kwa maandishi, na umtake mpokeaji ajumlishe upya kabla ya malipo. Daftari lenyewe lisitoke kabatini.