Mnyororo wa Pikipiki: Usafishaji, Ulainishaji na Sayansi Yake

Msafiri atokaye Mbinga mjini kwenda Mbamba Bay, kwenye ufuko wa Ziwa Nyasa, husafiri kiasi cha kilomita 67. Katika mwendo huo huteremka kutoka nyanda za juu za Umatengo, zilizo zaidi ya mita 1,300 juu ya usawa wa bahari, mpaka ziwani ambako kimo ni mita 470 hivi. Barabara kuu sasa ina lami, lakini njia nyingi zinazochepuka kutoka humo, juu kwenye mashamba ya kahawa na ngoro, na chini kwenye vijiji vya wavuvi, ni za udongo mwekundu au za mchanga. Katika njia hizo pikipiki ndiyo ibebayo abiria, magunia ya kahawa na usipa mkavu. Nguvu yote ya injini yake hulifikia gurudumu la nyuma kwa kupitia kitu kimoja ambacho mara nyingi hakitazamwi mpaka kikatike, nacho ni mnyororo, au cheni kama waitavyo mafundi.

Makusudi ya makala haya ni kueleza jinsi mnyororo huo unavyofanya kazi, kwa nini huchakaa, na namna ya kuusafisha na kuulainisha nyumbani kwa vifaa vya kawaida. Mwalimu wa fizikia au kemia ataona kwamba somo zima la msuguano, mgandamizo na uoksidishaji limo ndani yake.

Umbo na kazi ya mnyororo

Mnyororo wa namna hii ulipewa hataza mwaka 1880. Mbunifu wake alikuwa Hans Renold, mhandisi mzaliwa wa Uswisi aliyefanya kazi katika mji wa Manchester, Uingereza. Kila kiungo kina pini. Pini imo ndani ya bushi. Na nje ya bushi kuna rola inayozunguka. Bamba za pembeni huviunganisha vipande hivyo. Rola ndizo zinazokaa katika meno ya sproketi, yaani magurudumu ya meno ya mbele na ya nyuma. Lakini mnyororo unapojikunja, pini ndiyo inayosuguana na bushi, na hapo ndipo penye siri ya uhai wake.

Tuchukue mfano wa pikipiki ndogo yenye mnyororo wa namba 428, ambao umbali kati ya pini na pini ni milimita 12.7. Tuseme mnyororo una viungo 120, sproketi ya mbele ina meno 15, ya nyuma meno 42, na mzingo wa tairi ni mita 1.9. Katika kilomita moja tairi huzunguka mara 526 hivi. Kila mzunguko mmoja wa tairi huvuta viungo 42, hivyo mnyororo mzima huzunguka mara 184. Katika kila mzunguko wa mnyororo, kila kiungo hujikunja au kujinyoosha mara nne: kinapoingia na kinapotoka katika kila sproketi. Zidisha, na utapata mara 736 kwa kilomita. Kutoka Mbinga hadi Mbamba Bay kila pini husuguana na bushi yake karibu mara 50,000.

Isitoshe, misuguano hiyo hailingani. Katika sproketi ya nyuma kiungo hujikunja kwa nyuzi 8.6 tu, kwa kuwa nyuzi 360 zimegawanywa kwa meno 42. Katika ile ya mbele hujikunja kwa nyuzi 24. Ndiyo maana sproketi ndogo mno ya mbele, ambayo baadhi ya madereva huipenda kwa ajili ya kupanda milima, hufupisha maisha ya mnyororo.

Sasa tutazame mgandamizo. Pikipiki, dereva, abiria na mzigo, jumla kilo 300, inapanda mwinuko wa mita 1 kwa kila mita 10. Kani inayohitajika kwenye tairi kwa kupanda tu ni kiasi cha nyutoni 294. Lakini nusu kipenyo cha tairi ni milimita 302, na cha sproketi ya nyuma ni milimita 85 hivi. Kwa kanuni ya wenzo, mnyororo hauna budi kuvuta kwa kani ya nyutoni 1,040 au zaidi, sawa na kuning'inizwa gunia la kilo 100 na ushei. Kani hiyo yote hubebwa na pini yenye kipenyo cha milimita 4 na nusu. Eneo linalopokea mgandamizo halizidi sana milimita za mraba 50. Kwa hiyo mgandamizo kati ya pini na bushi ni zaidi ya mara 200 ya ule wa hewa ituzungukayo. Kinachozuia chuma kisigusane na chuma chini ya mzigo huo ni utando wa mafuta mwembamba kupita unywele.

Je, mnyororo hurefuka?

Watu husema mnyororo "umevutika". Usemi huo unapotosha. Bamba za chuma hazikuvutika. Pini na bushi zimelika, na nafasi iliyopatikana katika kila kiungo hujumlishwa katika viungo vyote. Ikiwa kila kiungo kimelika robo ya milimita, jambo lisiloonekana kwa macho, mnyororo wa viungo 120 utakuwa umeongezeka milimita 30.

Mlaji mkuu ni mchanga. Mchanga wa ufukoni, na chembe ngumu zilizomo katika udongo mwekundu wa milimani, kwa sehemu kubwa ni madini ya kwatsi. Katika kipimo cha ugumu cha Mohs kwatsi ina daraja la 7, hali chuma cha kawaida kina daraja la 4 au 5. Chembe hizo zikichanganyika na mafuta mazito yaliyopakwa nje ya mnyororo, huwa uji unaosaga kama msasa. Hivyo basi, kumwaga oili juu ya mnyororo mchafu ni kuuharakishia mwisho wake. Afadhali mnyororo uliosafishwa ukapakwa mafuta kidogo kuliko mchafu uliopakwa mengi.

Adui wa pili ni kutu. Hapa wakazi wa Ruvuma wana nafuu kuliko wale wa Tanga au Mtwara, maana maji ya Ziwa Nyasa ni baridi, hayana chumvi ya bahari inayoharakisha kutu. Hata hivyo mvua za kusini huanza Novemba au Desemba na kuendelea hadi Aprili au Mei, na mnyororo uliolala na unyevu usiku mmoja huonyesha wekundu asubuhi.

Mteremko una hatari yake. Pikipiki ya kilo 300 inaposhuka mita 830, nishati inayopaswa kuondolewa ni karibu jouli milioni 2.4, ambazo zingetosha kuchemsha lita 7 za maji. Dereva mwangalifu huiachia injini sehemu ya kazi hiyo kwa kutumia gia ndogo, ili breki zisipate moto mno. Wakati huo upande wa chini wa mnyororo ndio unaokazwa, badala ya ule wa juu uliovuta wakati wa kupanda. Mnyororo ukikatika hapo, msaada wa injini hutoweka mara moja; na pengine kipande chake hujisokota kwenye sproketi ya mbele, kikavunja ganda la injini au kufunga gurudumu la nyuma.

Usafishaji

Kanuni ya kwanza haina mjadala: injini izimwe, na ufunguo utolewe. Wapo wanaoiacha injini iungurume katika gia ili mnyororo ujizungushe wenyewe huku wao wakishika kitambaa. Kitambaa kikinaswa na jino la sproketi, kidole hufuata kabla mtu hajapata kuuachia mkono. Pikipiki isimamishwe kwa stendi ya kati mahali tambarare, gia iwe huru, na gurudumu lizungushwe kwa mkono kwa kushika tairi, kamwe si mnyororo wala sproketi.

Vifaa ni brashi ngumu au mswaki uliokwisha kazi, vitambaa, kopo la kukingia uchafu, na mafuta ya taa. Dizeli hufaa pia. Petroli isitumike. Mvuke wake huweza kushika moto hata katika baridi ya nyuzi 40 za Selsiasi chini ya sifuri; mafuta ya taa huanza kutoa mvuke wa kutosha kuwaka yafikapo nyuzi 38 hivi. Mchana wa jua kali pale Mbamba Bay kopo lililoachwa juu ya jiwe laweza kukikaribia kiwango hicho, kwa hiyo kazi ifanyiwe kivulini, mbali na jiko na sigara.

Brashi ichovywe katika mafuta ya taa na kusugua pande zote nne za mnyororo, hasa nafasi zilizo kati ya bamba za ndani na za nje. Kisha ufutwe kwa kitambaa mpaka kitambaa kisichukue weusi tena, na uachwe ukauke. Meno ya sproketi nayo yasafishwe na kukaguliwa: yakiwa yamepinda kama ndoana, mnyororo mpya juu yake utaharibika upesi, na ni heri kubadili vyote kwa pamoja. Minyororo ya pikipiki kubwa ina vipete vya mpira vinavyofungia grisi ndani. Hiyo isisuguliwe kwa brashi ya waya.

Pikipiki isioshewe ziwani wala mtoni. Ziwa Nyasa hutoa maji kwa mto mmoja tu, Shire, na sehemu kubwa ya maji yake hupotea kwa kugeuka mvuke. Oili haigeuki mvuke pamoja nayo. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 hutaja mita 60 kutoka ukingoni kuwa eneo la hifadhi, na umbali huo ni kipimo chema kwa mwosha pikipiki pia. Masazo yatiwe katika kopo lenye kifuniko na kupelekwa gereji inayokusanya oili chafu.

Ulainishaji

Oili ya gia yenye mnato wa SAE 90 hufaa kwa minyororo mingi. Oili chafu ya injini ni rahisi kupatikana, lakini imejaa masizi na chembe za chuma, na baadhi ya kemikali zake huweza kusababisha saratani ya ngozi kwa mtu anayeishika kila siku. Grisi nayo, ijapokuwa hung'ang'ania vizuri, ni nzito mno kupenya. Hubaki nje ikikusanya mchanga.

Tone moja moja lidondoshwe kwenye kila ungio la bamba, upande wa ndani wa mnyororo unaopita chini, ili mwendo utakapoyatupa mafuta nje yapite kwanza katika viungo. Wakati bora ni jioni, mnyororo ukiwa bado na vuguvugu la safari: oili huwa nyepesi na kunyonywa ndani kama utambi unavyonyonya mafuta, kisha huzidi kuwa nzito usiku. Asubuhi mafuta yaliyobaki nje yafutwe yote. Kazi hiyo irudiwe kila baada ya kilomita 500 hivi, na kila baada ya safari ya matope. Kwa bodaboda inayokwenda kilomita 100 kwa siku, ni kila siku ya tano.

Mwisho ulegevu upimwe katikati ya upande wa chini. Kwa pikipiki nyingi ndogo ni milimita 20 hadi 30, lakini kitabu cha chombo ndicho chenye kauli. Gurudumu lizungushwe na kipimo kirudiwe, kwani mnyororo hauliki sawasawa. Mahali unapokaza zaidi ndipo pa kufuatwa. Klipu ya kiungo nayo itazamwe: ncha yake iliyofumba ielekee upande ambao mnyororo unakwenda.

Zoezi kwa darasa

1. Kaza mnyororo, kisha pima kutoka katikati ya pini ya kwanza hadi katikati ya pini ya 21. Mnyororo mpya wa namba 428 utatoa milimita 254. Ukifikia milimita 259, ongezeko ni asilimia 2, na mnyororo hauna budi kubadilishwa. Pima pikipiki kadhaa na uulize kila moja imetembea kilomita ngapi tangu ilipobadilishiwa mnyororo.

2. Acha mafuta ya taa machafu yatulie katika chupa ya kioo siku mbili. Mimina yaliyo safi juu, ambayo yaweza kutumika tena, na ukaushe mashapo kivulini. Pitisha sumaku iliyofungwa katika karatasi ya plastiki juu ya mashapo hayo. Chembe zitakazoruka kwenye sumaku huenda ni chuma kilicholika kutoka kwenye pini. Lakini udongo wenyewe waweza kuwa na madini yanayovutwa na sumaku. Jaribu basi kiasi kile kile cha udongo mkavu wa barabarani, ulinganishe, na ueleze ni sehemu gani ya chembe hizo inaweza kuhesabiwa kuwa ni ya mnyororo.